Karani Aliyeimbisha Cibitoke

Mume wangu, Sylvère Bigirindavyi, hakulishwa sumu. Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo wengine wanapoanzia na kuishia. Kwa mwaka mzima sasa inasemwa katika soko la mtaa wa Cibitoke, katika kwaya za parokia mbili, na katika kundi la WhatsApp la familia yetu wenyewe, kwamba aliuawa jukwaani na mwanamke Mkongomani mbele ya watu mia mbili, na kwamba wote hao ni mashahidi. Inasemwa pia kwamba alikuwa mlevi, kwamba aliacha kazi ya serikali akafuata wanamuziki, na kwamba mke wake, yaani mimi, alikuwa amemkimbia. Hakuwa mlevi. Kazi yake hakuiacha mpaka alipostaafu kwa heshima. Nami siku aliyokufa nilikuwa nimekaa safu ya pili, kiti cha tatu kutoka kushoto.

Nimefundisha Kifaransa miaka thelathini na mmoja, na barua zangu za maana huziandika kwa Kifaransa. Hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu uvumi wenyewe ulisemwa kwa Kiswahili, na nataka jibu lifike kule uongo ulikofika.

Kuna haraka pia. Jumamosi ijayo ni siku ya kuganduka, yaani kuondoa matanga baada ya mwaka. Anayejua desturi zetu anajua uzito wa siku hiyo. Neno likisemwa mbele ya ukoo na majirani, na wenye msiba wakanyamaza, linahesabiwa kuwa limekubaliwa, na hakuna atakayelifungua tena. Wifi yangu Jovithe, dada wa marehemu, ametangaza kwamba siku hiyo atasimama na kumtaja muuaji kwa jina: Espérance. Espérance ni mkimbizi. Hana ukoo hapa wa kusimama upande wake. Akitajwa siku hiyo hatapata pa kuishi Bujumbura, na kule alikotoka, ng'ambo ya mpaka, bado kunapigwa risasi. Kwa hiyo nimechapa karatasi hizi, na kila atakayeingia uani kwetu Jumamosi atapewa nakala kabla hajakaa.

Sylvère alizaliwa mkoani Mwaro, mtoto wa katekista. Mchezo wa kwanza aliocheza ulikuwa wa Noeli, uliotayarishwa na mapadri. Siku hizo mchezo wa nyimbo kwetu ulikuwa hivi: watoto wanasema maneno waliyokariri, wananyamaza, kwaya inaimba wimbo wa kitabuni, kisha watoto wanaendelea. Yeye alikuwa askari wa Herode. Alinisimulia jinsi alivyosimama na upanga wa mti juu ya mtoto wa kitambaa, mkono umechoka, akingoja kwaya imalize beti nne kuhusu nyota.

“Nilikuwa na miaka tisa,” aliniambia, “na nilijua kuna kitu hakiko sawa. Mtoto anauawa, na sisi tunaimba nyota.”

Alikuja mjini kusoma, na mwaka 1981 akaajiriwa kuwa karani wa mahakama. Meza yake ilikuwa ndogo, chini ya meza ya hakimu, na kazi yake ilikuwa kuandika yote yaliyosemwa. Mashamba, mirathi, watoto waliokataliwa na baba zao. Alikuwa na daftari la serikali, na ndani ya mkoba alikuwa na daftari lake mwenyewe. Katika hilo la pili hakuandika maneno ya watu. Aliandika mahali sauti zao zilipopanda. Mjane anaanza kueleza mpaka wa shamba kwa sauti ya kawaida, akifika kwenye jina la mwanawe aliyeuawa sauti inapanda, inavutika, inarudia neno lile lile mara tatu. Sylvère alichora mstari mdogo unaopanda. Nina madaftari kumi na saba ya mistari hiyo. Ndiyo shule yake ya muziki, hakuwa na nyingine.

Mjini michezo ilikuwepo. Kulikuwa na michezo ya redio yenye wimbo wa kufungulia na wimbo wa kufungia. Mitaani kulikuwa na wachekeshaji waliocheza na bendi, na wao wakichoka bendi inapiga rumba mpaka wapumzike. Yote mawili yalimkera kwa sababu moja: wimbo ulikuwa pale ili hadithi ikae kando. Kisha vita ikaja na hata hayo yakazimika. Kwaya ya mtaa wetu iliingia mwaka 1993 ikiwa na watu ishirini na wanane, ikatoka vitani na tisa. Sylvère alisoma majina ya wale kumi na tisa kila mwaka siku ya Watakatifu Wote, nyumbani, kwa sauti ya chini, madirisha yamefungwa, kwa sababu majina yao yalikuwa ya pande zote mbili.

Amani iliporudi, wafadhili walilipia michezo ya upatanisho. Kila mchezo uliisha kwa wimbo wa kuwaambia watu wapendane. Nilimwona akitoka ukumbini kabla ya wimbo huo, mara mbili, nami nikabaki na aibu ya kueleza kwa wageni kwamba mume wangu anaumwa tumbo.

Mwaka 2006 alikwenda Cibitoke kuagiza kabati la nguo kwa seremala anayeitwa Bahizire, mtu wa Bukavu aliyekuwa amekaa hapa miaka mingi. Alirudi jioni bila kabati na suruali imejaa vumbi la mbao. Bahizire mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye mazungumzo yao.

“Mzee, kabati yako itakuwa tayari siku ya pili.”

“Sikuulizi kabati. Wimbo ule mliokuwa mnaimba mkipiga randa ni wa nani?”

“Ni wa randa.” Mafundi wakacheka. “Mbao ikiwa nguvu, wimbo inakuwa murefu. Ikiwa laini, tunakatiza. We, unataka kununua wimbo ama kabati?”

“Na kama mbao ni ngumu sana?”

“Njo tunatukana mwenye kuileta, lakini mu wimbo, asisikie.”

Sylvère alikaa juu ya rundo la mbao mpaka walipofunga. Alikuwa amepata alichokitafuta tangu upanga wa Herode: wimbo unaofanya kazi, ambao ukiisha ubao umekuwa mwembamba. Kuanzia siku hiyo sheria yake ikawa moja. Wimbo ukiisha na mtu bado yuko pale alipokuwa ulipoanza, wimbo huo utupwe. Alitupa nyimbo nzuri sana kwa sheria hiyo. Bahizire alikuwa akizitunga kwa gitaa lake wiki nzima, Sylvère anasikiliza mara moja na kuuliza, “Mwanzoni alikuwa na hasira. Mwishoni ana nini?” Bahizire anajibu, “Ana hasira.” Wimbo unakwenda na pumba za mbao.

Mchezo wao wa kwanza ulichezwa katika karakana ya Bahizire, juu ya mbao za mteja, watu wakiwa wamekaa juu ya milango iliyokuwa haijamalizika. Ulihusu ndugu wawili na shamba la marehemu baba yao. Hakimu aliimba Kifaransa, mama aliimba Kirundi, majirani wakaimba Kiswahili, kwa sababu ndivyo kesi zinavyosikika katika mji huu. Ulishindwa vibaya. Wimbo wa ugomvi ulikuwa mtamu mno, watu wakasimama kucheza, na hakuna aliyesikia kwamba katikati ya wimbo huo mama amekufa.

Baada ya hapo Sylvère aliweka kanuni ya mkono, na kanuni hii naomba mwielewe, maana itarudi kwetu kwa ubaya. Watu wetu hawasikilizi wimbo kimya, wanaitikia. Ukikatiza kiitikio wakati ukumbi mzima uko ndani yake, wanadhani mchezo umekwisha na wanaanza kutafuta viatu. Kwa hiyo kwaya ilikatazwa kuacha kiitikio, na gitaa lilikatazwa kunyamaza, mpaka yule anayebeba tukio ainue mkono wa kulia. Hata kiitikio kirudiwe mara kumi, mkono usipoinuka, mnaendelea. Waliofundishwa naye waliishika kanuni hiyo kuliko katekisimu.

Mimi sikwenda kuona kwa miaka sita. Naisema hii mwenyewe kabla haijasemwa kwa niaba yangu. Mtaani kwetu Kinanira, Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya wachuuzi na wahuni, na mimi nilikuwa madamu wa lisee, mwalimu wa sekondari. Jovithe alimwambia mbele ya wageni wa ubatizo, “Kaka, ulisomeshwa ili uende kuimba na maseremala?”

“Nilisomeshwa ili niandike wanachosema,” akamjibu, akaendelea kula.

Nilikwenda mwaka 2012 kwa sababu nilichoka kuulizwa na wanafunzi wangu, ambao wote walikuwa wamekwenda. Nilikuta watu wamejaa mpaka barabarani. Nilikuta pia makosa mawili ya Kifaransa katika wimbo wa hakimu, na usiku huo hatukulala vizuri kwa ubishi. Kosa moja alilitaka libaki, akisema hakimu huyo ndivyo alivyosema. Tangu hapo hakuna mchezo uliotoka nyumbani kwetu bila kupita mikononi mwangu. Kwa hiyo anayesema nilimkimbia anisomee beti tatu za mchezo wowote, nitamwonyesha mkono wangu ulipopita.

Sasa Espérance. Alivuka mto Rusizi mwanzoni mwa mwaka jana, vita vilipofika kwao Uvira, akiwa na beseni moja na kitambulisho kilicholowa. Alikuwa akinunua ndagala, dagaa wa ziwani, kule Kajaga ufukweni alfajiri na kuzitembeza Cibitoke. Bahizire alimsikia akitangaza samaki wake nje ya karakana, akatoka na randa mkononi, akamwambia arudie. Espérance akadhani fundi anataka samaki. Kwa wiki ya kwanza alikuja kwenye mazoezi na beseni lake, akaliweka chini ya kiti, na ukumbi mzima ukanuka ziwa. Sylvère alimpa nafasi ya mke katika mchezo mpya.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mwanamume aliyemwacha mke na watoto wakati wa vita anarudi baada ya miaka ishirini. Kila mtu anaimba naye: jirani, padri, watoto aliowaacha wadogo. Mke peke yake haimbi na hasemi. Ananyamaza mchezo mzima. Mwishoni anachukua kibuyu cha pombe, anaonja, anampa. Basi. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Ni adabu na ni ushahidi kwamba alichokupa amekinywa mwenyewe. Pale jukwaani kuonja huko ndiko kulikuwa msamaha, na Sylvère hakuongeza neno hata moja juu yake. Mwanamume anakunywa, anaimba wimbo wa shukrani, na katikati ya wimbo anaanguka na kufa. Kwaya inamlilia kwa kiitikio mpaka mkono uinuke. Mwanamume huyo alikuwa Sylvère, na mkono ulikuwa wake.

Espérance alilicheka sana hilo katika mazoezi. “Papa Sylvère, maiti gani inaongoza kwaya? Kwetu mutu akikufa, anakufa na mikono yote mbili!”

“Kwenu hamjui kufa,” Sylvère akamwambia kutoka sakafuni. “Mimi nimekaa mahakamani miaka thelathini na saba. Nimeona marehemu wakishinda kesi.”

“Na walikuwa wanainua mukono?”

“Wakili aliwainulia. Haya, tuanze tena, mgongo unaniuma.”

Mchezo ulichezwa mara tano. Mara zote tano, Espérance alipoonja, wanawake walilia. Mara ya sita ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa kukodi Cibitoke. Kibuyu kilibebwa na mimi kutoka Kinanira. Ndani hakukuwa na pombe. Kulikuwa na mchaichai uliopoa, niliouchemsha mwenyewe asubuhi jikoni kwangu, kwa sababu Sylvère hakutaka pombe ipite kooni kabla ya kuimba. Ndivyo ilivyokuwa mara zote sita. Mliosema sumu, hapo ndipo pa kuanzia: kinywaji kilitoka mkononi mwangu.

Nyuma ya pazia, nilipokuwa nikimvalisha koti la mchezo, Espérance alikuja na macho yameingia ndani.

“Papa Sylvère, leo mi siwezi kuonja. Niko mu kufunga. Siku tatu kavu, hata maji apana. Ni juu ya mudogo wangu. Siku kumi na moja simu yake haipite.”

“Gusa kwa mdomo tu, usimeze.”

“Mungu anaona mudomo pia, Papa.”

Mtu aliyetupa nyimbo nzuri kwa sababu hazikusogeza kitu angeweza kumwambia hapana. Angeweza kuahirisha. Lakini alikuwa amesoma majina kumi na tisa kila mwaka, na hakuweza kumkatalia mtu anayemwombea ndugu yake.

“Basi pita moja kwa moja, nipe. Watakuwa wanakuangalia uso. Hawataona.”

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Nami nilidhani hawataona. Sisi wawili tulikuwa tumefanya kazi na watu hao miaka kumi na tatu, na bado tulidhani ukumbi wa Warundi na Wakongomani hautaona mtu akipewa kibuyu ambacho hakikuonjwa.

Waliona wote. Mikono ya Espérance iliponyoosha kibuyu, kimya kilikatika. “Hakuonja,” mwanamke nyuma yangu akasema. Mwingine, “Yoo, hakuonja!” Na mzee mmoja kando, kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu: “Basi hajamsamehe.” Neno likapita safu kwa safu mpaka mlangoni. Mchezo ulikuwa umegeuka mikononi mwao. Mwanamke aliyesamehe amekuwa mwanamke anayeua.

Sylvère alisikia. Nilimwona akisikia. Alikunywa kibuyu chote mpaka tone la mwisho, akakigeuza chini ili waone, akaanza wimbo wa shukrani kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa akijaribu kuurudisha msamaha kwa koo peke yake. Aliimba kama mtu anayesukuma lori lililozama kwenye tope. Ubeti wa kwanza ukumbi ulikuwa bado unanong'ona. Wa pili ukaanza kunyamaza. Wa tatu aliwapata, nakuhakikishieni aliwapata, kiitikio kilitoka kwa watu wote pamoja, na hapo akaanguka. Kulikuwa bado na mistari miwili.

Kwaya ikaingia. Gitaa likaingia. Kiitikio kikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkono haukuinuka. Kwa hiyo wakaendelea, kama walivyofundishwa. Ukumbi ukazidi kuitikia, maana Sylvère alikuwa hajawahi kulala pale muda mrefu hivyo, na walidhani anawapa zaidi kwa sababu walimnong'onea. Watu wakaanza kupanda jukwaani kumtuza, kama tunavyomtuza anayeimba vizuri. Walimbandika noti kwenye paji la uso, na noti zilishika kwa sababu alikuwa na jasho. Mwanamke mmoja aliinama akampangusa shavu kwa kanga, akacheka, akashuka akicheza. Espérance alikuwa amepiga magoti kando yake kama mchezo unavyotaka, na alikuwa wa kwanza kuacha kuimba. Alimgusa shingo. Alinitazama mimi, wala hakumtazama mwingine.

Kiitikio kilirudiwa mara tisa. Katika mara ya tisa nilikuwa jukwaani, na ni mimi niliyeuinua mkono wake, ndipo wakanyamaza. Kisha wakapiga makofi.

Bahizire alikuja na gitaa bado shingoni. “Mama Christa,” aliniambia, “nilifikiri anaongeza. Nilifikiri anaongeza.” Mpaka leo hasemi maneno mengine kuhusu siku ile, na gitaa ameliuza.

Hospitali waliandika kwamba moyo ulisimama. Karatasi ninayo. Nilirudi nyumbani na binti yangu Christa, jua lilikuwa halijazama. Katika chupa ya chai niliyoiacha mezani kulikuwa na mchaichai uliobaki, ule ule. Nilikuwa na kiu. Niliumimina nikaunywa wote, vikombe viwili, mbele ya Christa. Wakati huo sikujua kwamba ninatoa ushahidi. Ningejua, ningewaita wote.

Uvumi ulianza siku ya pili ya msiba, na ulikuwa na neno moja tu, ambalo lilikuwa kweli: hakuonja. Mwenye nyumba alimtolea Espérance vitu vyake nje. Beseni lake lilikanyagwa likapasuka. Hata wasiomtukana hawakununua samaki wake tena, maana nani atakula kilichoshikwa na mtu aliyetoa bila kuonja? Alihamia Kajaga, na kule anasafisha nyavu na kutumbua samaki wa wengine. Amejipa jina jingine ambalo sitaliandika. Mdogo wake hajapatikana.

Mwezi uliopita Jovithe alikuja kwangu. Hakuvua kilemba wala hakukubali kukaa.

“Mama Christa, siku ya kuganduka mimi nitasema. Wewe nyamaza tu, sikuombi kingine.”

“Utasema nini?”

“Kile watu mia mbili walikiona.”

“Daktari aliandika moyo.”

“Karatasi inaandikwa na mtu. Ukoo wetu hauna ugonjwa wa moyo. Baba alikufa na miaka tisini. Mwanangu Hugues anaoa mwezi wa nane, na wakwe wameshaanza kuuliza wajomba walikufa na nini. Unataka niwaambie nini? Kwamba mjomba alificha ugonjwa akaenda kuufia kwa wahuni, akiimba Kiswahili, watu wanambandika pesa usoni?”

“Ndivyo alivyokufa.”

“Aliuawa! Aliyeuawa hana aibu. Yule mwanamke si wetu. Amefika jana, kesho ataondoka. Kwa nini unamlinda kuliko damu ya mume wako?”

“Kwa sababu kinywaji nilikichemsha mimi, Jovithe.”

Nilimwona akihesabu kichwani. Nami nilijua ninachompa mkononi, maana sikusoma bure.

“Basi ni wewe,” akasema polepole.

“Ukitaka kusimama Jumamosi na kumtaja mtu, nitaje mimi. Mimi nina ukoo, nina nyumba, na nina jina. Tuone nani atakuamini.”

Aliondoka bila kuaga. Hajaniambia atafanya nini.

Najua wengi mtasema kwamba kwa kuandika haya nimeivua nguo familia. Baba mkwe wangu alikuwa katekista, mume wangu alikuwa karani ambaye katika miaka thelathini na saba halikupotea faili hata moja mezani kwake. Jina la namna hiyo haliwezi kusimama juu ya mgongo wa mwanamke anayetumbua samaki kwa jina la kuazima. Heri tubebe aibu ya kweli. Sylvère alikuwa mgonjwa, na alificha. Hugues atafute mke anayeweza kusikia hilo.

Limebaki moja, na nalisema kwa sababu Jovithe atalipata akitafuta. Karatasi ya kwanza ya daktari ni ya miezi mitano kabla ya kifo. Inamkataza Sylvère kuimba kwa nguvu, na inasema wazi kitakachotokea akiimba. Niliikuta ndani ya daftari lake la kumi na saba. Kwa hiyo nilijua. Nilijua kabla ya mchezo wa kwanza kati ya ile sita. Tulizungumza, mimi na yeye, mlango umefungwa, kwa muda mrefu. Kisha akaenda akaimba, nami nikaenda kumsikiliza.

Mtataka kujua alichoniambia, na kwa nini nilimwachia. Jovithe ameuliza kwa hasira. Christa, binti yangu wa pekee, ameuliza akilia, akiwa ameshika miguu yangu, na sikumjibu. Espérance hana hatia. Hilo ndilo mlilokuwa na haki ya kulijua, nami nimelisema lote. Lile jingine ni letu, mume na mke, na Jumamosi mtu asiniulize, wala padri, wala mzee wa ukoo. Sisemi.